Kumpeleka Mtoto Mdogo Kuona Monsta Traki: Anza na Masikio

Familia inayoongea Kiswahili ikishakaa Columbus, Dallas au Minneapolis miaka miwili mitatu, haichelewi kusikia jina la Grave Digger, monsta traki maarufu (gari la maonyesho lenye matairi makubwa mno, linaloruka na kupinduka). Mtoto hulileta kutoka chekechea, amelikuta kwenye fulana ya mwenzake au kwenye kigari cha plastiki, na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki: anataka kwenda kuliona gari lenyewe. Huwezi kumlaumu. Gari lina taa nyekundu kama macho na bodi iliyochorwa makaburi, na limekuwa likivuta watu tangu Dennis Anderson alipoliunda mwaka 1982. Kampuni ya Feld Entertainment, ndiyo hiyo hiyo ya Disney On Ice, huzungusha maonyesho ya Monster Jam miji mingi ya Marekani, hasa kuanzia Januari hadi majira ya kuchipua.

Ni matembezi mazuri sana kwa mtoto wa miaka mitatu hadi saba, yakiandaliwa. Yasipoandaliwa, mtoto huanza kulia injini ya kwanza inapowaka, na ndani ya dakika kumi mmesharudi kwenye gari na tiketi zimepotea bure. Karibu kila linaloharibika siku hiyo chanzo chake ni kelele, kwa hiyo hata kabla ya kununua tiketi, shughulikia masikio.

Vifunika masikio: vipi, na namba gani

Monsta traki ya mashindano hubeba injini ya lita 8.8 hivi, yenye nguvu ya farasi 1,500, inayochoma methanoli na kusukumiwa hewa na mashine iitwayo supachaja. Bomba lake la moshi halina kizuia sauti cha maana. Weka magari matano au sita ya namna hiyo ndani ya ukumbi uliofunikwa paa, na sauti haina pa kutokea.

Kipimo cha kukumbuka ni hiki. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini inahesabu kuwa mtu mzima anaweza kuvumilia desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo unapungua nusu. Kelele zikifika desibeli 100, ana dakika 15 tu. Hicho ni kipimo cha mtu mzima aliye kazini, na mtoto usimhesabie hata hicho. Onyesho zima huchukua saa mbili hadi mbili na nusu.

Nunua vifunika masikio vigumu, vile vyenye vikombe viwili na upinde wa kupita juu ya kichwa, vya saizi ya mtoto. Kwenye boksi tafuta herufi NRR na namba yake, yaani desibeli zinazopunguzwa (vikitoka Ulaya utaona SNR, ambayo hupimwa tofauti, kwa hiyo usizilinganishe namba hizo mbili). Namba ya NRR imepatikana maabara. Ili ujue mtoto atapata nini kitini, toa 7 kisha gawa kwa mbili. Vifunika vya NRR 22 vinabaki na desibeli 7 na nusu tu za uhakika, na vya 27 vinabaki na 10. Ndiyo maana tunasema usishuke chini ya 25, hata kama vya bei nafuu vina picha nzuri zaidi.

Usidanganyike na hedifoni za muziki, hata zile za bei zinazofuta kelele kwa umeme. Zimetengenezwa kwa mngurumo wa ndege au basi. Mlipuko wa ghafla wa injini unazipita. Vizibo vya sponji navyo ni vya watu wazima: tundu la sikio la mtoto ni dogo, kizibo hakiingii vizuri, na kipande kinaweza kuishia mdomoni. Mtu mzima anaweza kuvaa kizibo ndani na kifunika juu yake. Hiyo huongeza kama desibeli 5 juu ya kile chenye kinga kubwa, na kwa anayekaa karibu na uwanja inafaa.

Jambo ambalo boksi haliambii ni nywele. Kifunika hufanya kazi pale tu mto wake unapogusa ngozi pande zote za sikio. Misuko minene, mabutu ya pembeni na shanga huacha nafasi, na sauti hupenya hapo hapo. Wiki ya onyesho msuke binti mistari myembamba inayorudi nyuma, au funga nywele juu na nyuma ili eneo la masikio libaki wazi. Anayevaa hijabu avae vifunika kwanza, kitambaa kipite juu. Kofia yenye ukingo nayo hukaa juu ya upinde, sio chini ya vikombe. Hata miguu ya miwani ya jua inatosha kuinua mto, na ukumbini ndani miwani hiyo haina kazi.

Kisha mfanyishe mazoezi. Mtoto anayevalishwa kitu kigumu kichwani mara ya kwanza katikati ya watu elfu kumi atakivua. Siku saba kabla, avae dakika tano akiangalia katuni, kesho yake kumi, mpaka nusu saa. Mwonyeshe video ya magari haya ukianza na sauti ndogo, umpandishie kidogo kidogo. Akisema vinabana, fungua upinde tundu moja. Akivivaa na bado anakusikia vile vile kama hajavivaa, huenda vimelegea.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwacheni nyumbani kwa bibi au jirani. Vipo vifunika vya vichanga vyenye mkanda laini, lakini saa mbili na nusu za mkanda kuzunguka kichwa ambacho utosi wake haujafunga, katikati ya vumbi na moshi, hatuoni faida yake kwa mtoto ambaye hatakumbuka lolote.

Kuchagua onyesho na viti

Maonyesho ni ya aina mbili kubwa. La ukumbini hutumia uwanja wa mpira wa kikapu au hoki, magari machache, na mtoto anaona kila kitu kwa ukaribu. La uwanja wa wazi wa mpira wa miguu wa Kimarekani huwa na magari kumi au zaidi, kuruka juu zaidi, na hewa. Kwa mara ya kwanza, mtoto wa miaka mitatu au minne tungempeleka uwanja wa wazi kama upo jirani, kwa sababu sauti hutawanyika na moshi huondoka. Hot Wheels Monster Trucks Live ni kampuni nyingine. Yale yake yanayoitwa Glow Party hufanyika gizani kwa taa za rangi. Wapo watoto wanaolipenda giza hilo, na wapo wanaoliogopa kuliko injini. Wewe ndiye unayemjua wako.

Viti vya safu za mbele ni kosa la kwanza la mzazi mgeni. Tairi moja lina kimo cha mita 1.68 na upana unaozidi mita moja, na likizunguka mahali pamoja hurusha madonge ya udongo. Waandaaji wengi hawauzi kabisa safu za chini, na sababu yake ni ya kweli: mwaka 2009 huko Tacoma, jimbo la Washington, kipande cha chuma kilichong'oka kwenye gari kiliruka hadi jukwaani kikamuua mtoto wa miaka sita. Panda juu. Ukumbini chukua safu za katikati za upande mrefu wa uwanja. Kwenye uwanja mkubwa chukua safu za juu za jukwaa la chini, ambako mtoto anaona njia yote bila vichwa vya watu. Kaa mbali na mlango magari yanakoingilia, maana hapo hunguruma yakisubiri zamu, na moshi wote uko hapo. Halafu tafuta kiti cha pembeni ya ngazi. Mtoto mdogo huenda chooni mara tatu, na kupita kwenye magoti ya watu kumi na wawili kila mara si jambo la kufurahisha kwa yeyote.

Maonyesho madogo ya mashambani na kwenye sherehe za wilaya ni nafuu na mara nyingi ni mazuri, ila yanahitaji jicho lako. Huko Haaksbergen, Uholanzi, mwaka 2014 gari liliingia katikati ya watazamaji wakafa watatu. Topsham, jimbo la Maine, mwaka 2024 gari liliruka likanasa nyaya za umeme zilizopita juu ya uwanja. Ukifika mahali ukakuta watu wametenganishwa na magari kwa utepe au uzio mwepesi tu, au magari yanarukia upande walioko watu, au kuna nyaya juu ya njia, geuza gari urudi. Mahali panapofaa unatakiwa uone kuta za zege, nafasi tupu kati ya ukuta na watu, na viti vilivyoinuka.

Tiketi nunua kwenye tovuti ya uwanja wenyewe au dirishani kwao. Kwa wauzaji wa mkono wa pili bei hupanda, na tiketi ya bandia hugundulika mlangoni mtoto akiwa ameshika mkono wako. Umri wa kuanza kulipiwa hutofautiana: viwanja vingi humwacha bure wa chini ya miaka miwili akipakatwa, vingine humtoza kila anayepumua. Soma ukurasa wa uwanja wako.

Saa ipi

Jumamosi huwa na onyesho la mchana na la usiku. Wazazi wengi hukimbilia la mchana, na kwa mtoto asiyelala mchana ni sahihi. Kwa anayelala saa saba hadi saa tisa, hilo ndilo litakalokuharibia siku, kwa sababu ya mpangilio wa onyesho: utambulisho, mbio za mawili mawili, maonyesho ya ustadi kama kusimama kwa magurudumu mawili, mapumziko, kisha mwishoni kabisa kila dereva hupewa muda wake acheze atakavyo. Hapo mwishoni ndipo magari yanaporuka juu, kuzunguka kama pia na kupinduka. Mtoto aliyechoka wakati wa mapumziko amekosa kile alichokuja kukiona. Mlaze mapema siku hiyo, hata saa tano asubuhi, au chukua onyesho la jioni na umlaze vizuri mchana.

Kuna pia Pit Party, ambapo kwa nyongeza ya bei mnashuka uwanjani saa mbili hivi kabla ya onyesho, mnapiga picha na magari na madereva wanatia saini. Tunaipendekeza hasa kwa mtoto mwoga. Pale gari limezimwa. Analiona kimya, analipima kimo chake na tairi, anamwona dereva ni mtu wa kawaida mwenye tabasamu, na baadaye linaponguruma tayari ni rafiki yake. Lakini foleni za saini ni ndefu. Chagueni magari mawili tu, piga picha za mengine kwa mbali, kisha mkae chini na kula. Ukijaribu kukusanya saini zote, mtoto ataingia onyeshoni miguu imeshakwisha.

Mkoba

Viwanja vingi vikubwa vinataka mkoba wa plastiki inayoonyesha ndani, usiozidi inchi 12 kwa 12 kwa 6, yaani kama sentimita 30 kwa 30 kwa 15. Mkoba wa nepi huruhusiwa mara nyingi ukiwa na mtoto mwenyewe na baada ya kukaguliwa, ila si kila mahali. Gari la kusukuma mtoto halifiki kwenye viti. Huachwa kwa wahudumu wa uwanja, na kulipata tena watu wakitoka huchukua muda. Mbebe mgongoni kwa kanga au kitenge, itakusaidia kuliko kitu chochote chenye magurudumu. Ila kagua kwamba vifunika havisukumwi na mgongo wako.

Ndani ya mkoba weka vifunika vya kila mmoja pamoja na jozi moja ya ziada, kwa sababu jozi moja hudondoka chini ya viti na haionekani tena. Weka nguo moja ya kubadilisha, nepi mbili zaidi ya unazodhani, tishu za maji za kufuta udongo, koti (kumbi za hoki huwa na baridi hata nje kukiwa na joto), na kitambaa kinene cha kukalia. Kitambaa hicho kina kazi yake: viti vya kujikunja vyenyewe humkunja mtoto mwenye kilo kumi na tano akabaki magoti usoni. Weka kitambaa nyuma ya mgongo wake asogee mbele, na mguu wako ubonyeze ukingo wa kiti.

Chakula cha nje kwa kawaida hakiruhusiwi, isipokuwa cha mtoto mchanga. Washibishe nyumbani wali au ugali saa moja kabla ya kutoka. Soseji za mle ndani zinaweza kuwa za nguruwe au za ng'ombe, uliza kabla ya kulipa kama ni muhimu kwenu. Viwanja vingi havipokei pesa taslimu, beba kadi. Vigari vya kuchezea na barafu ya rangi kwenye kikombe chenye sura ya gari huuzwa ghali mno ukumbini. Nunua kigari dukani wiki moja kabla, ukifiche, umtolee pale pale mkishakaa. Kwa mtoto thamani ni ile ile, na una kitu cha kumshikisha wakati wa kusubiri.

Mkishakaa

Mvalishe vifunika kabla ya kupita mlango wa jukwaa, sio injini ikishawaka. Kuanzia hapo kumbuka kwamba hakusikii. Ukimwita hatageuka, akipotea hatajibu jina lake. Mkono kwa mkono kwenye ngazi na vyooni. Mpige picha langoni akiwa na nguo za siku hiyo, na andika namba yako ya simu kwenye kiganja chake kwa kalamu isiyofutika. Pia mpatane ishara nyumbani: dole gumba juu ni sawa, mkono sikioni ni kelele zinamuumiza, mkono tumboni ni choo. Ishara hizo tatu zinatosha.

Injini ya kwanza ikiwaka, mpakate, mgongo wake ukigusa kifua chako. Wengi hushtuka, hukaza mwili kwa sekunde chache, kisha hucheka. Asipocheka, akizika uso begani mwako, usimlazimishe kutazama. Tokeni mkazunguke kwenye korido nyuma ya majukwaa ambako sauti inafika kwa mbali, mwonyeshe magari kwenye runinga za huko, mrudi yeye akitaka. Kumbi nyingi zina mifuko ya bure yenye vitu vya kuwatuliza watoto wanaoelemewa na sauti, iliyopangwa na shirika la KultureCity, na nyingine zina chumba tulivu. Uliza kwa wahudumu mapema, usisubiri mtoto azidiwe.

Angalia na watu wazima mliofuatana nao. Bibi au mjomba aliyepita kwenye milio ya bunduki Kivu au Bujumbura anaweza kushikwa na hofu kubwa fataki zinapolipuka wakati wa utambulisho. Mwambieni wazi kabla ya siku yenyewe kitakachotokea, akae pembeni ya ngazi, na awe huru kubaki nyumbani bila kuonekana amewaangusha watoto. Mjamzito naye tunamshauri asiende, maana vifunika vya mama havimkingi aliye tumboni.

Mtoto atauliza gari likipinduka: dereva amekufa? Mjibu ukweli. Bodi ile ya rangi ni ganda jepesi la faibaglasi, linapasuka bila kumdhuru mtu. Ndani yake kuna kizimba cha mabomba ya chuma, dereva amefungwa mikanda kwenye kiti chake na amevaa helmeti, na pembeni ya uwanja yupo afisa mwenye kitufe cha kuzima injini kwa mbali. Mwambie amsubiri dereva atoke na kupunga mkono. Kwa mtoto, dakika hiyo ya kusubiri na kumwona akitoka mara nyingi ndiyo tamu kuliko zote. Na kwenye Monster Jam watazamaji hupiga kura kwa simu kumpa kila dereva alama hadi 10. Fungua ukurasa huo mapema, mtoto aseme namba na wewe ubonyeze haraka, kwani muda wa kura ni sekunde chache.

Choo nenda dakika tano kabla ya mapumziko, wakati magari ya mwisho ya kipindi cha kwanza bado yanazunguka. Ukisubiri tangazo utakuta foleni ya watu mia.

Ukiwa ukumbini, chunga moshi. Methanoli haitoi moshi mweusi, kwa hiyo hewa huonekana safi, lakini huwasha macho, na injini hizi hutoa kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Wakaguzi wa afya waliopima hewa kwenye maonyesho ya ndani huko Cincinnati miaka ya 1992 na 1993 waliikuta gesi hiyo imepanda sana. Kumbi za siku hizi husukuma hewa vizuri zaidi, ila dalili zibaki kichwani mwako: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida, mtoto kulegea. Tokeni nje kabisa kwenye hewa, na msirudi ndani siku hiyo. Asiporejea haraka hali yake ya kawaida, piga 911. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni mwako, isiachwe kwenye gari.

Kutoka, na usiku ule

Ondokeni ama dereva wa mwisho anapoanza, ama dakika ishirini baada ya watu kutoka. Katikati ya hapo ngazi zimejaa na mtoto yuko usawa wa magoti ya watu. Vifunika visivuliwe mpaka mko nje ya jengo.

Usiku muulize kama masikio yanalia nzii au kama sauti zinasikika kwa mbali. Mdogo asiyeweza kusema, simama nyuma yake umwite kwa kunong'ona. Mlio mdogo huisha baada ya usingizi. Ukiwapo bado asubuhi, au haitikii kama kawaida yake, mpeleke kwa daktari wa watoto na umweleze mlikuwa wapi na alivaa nini.

Vifunika vifute vumbi kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, bila kulowesha sponji ya ndani, na vihifadhi upinde ukiwa haujatanuliwa. Upinde uliokaa mwaka mzima umevutwa kwenye msumari hulegea. Mwakani pima tena kichwa cha mtoto kabla ya kununua tiketi, na mto uliopasuka au kukakamaa badilisha jozi nzima.